Kwa Nini Ziwa Victoria Liliwahi Kukauka: Bahari ya Mbali na Mvua Zetu

Leo tutaweka kando kidogo habari za mbolea na palizi ya mibuni, tuzungumze juu ya mvua. Kila tunapokutana vijijini swali halikosi: "Bwana shamba, mvua hizi zinatoka wapi hasa? Na je, zinaweza kutuhama?" Jibu ni kwamba ziliwahi kutuhama, tena kwa muda mrefu sana, na sababu kubwa ilianzia katika bahari ambayo haipakani na nchi yetu hata kidogo.

Kwanza tulitazame Ziwa Victoria, ambako mto wetu Kagera unamwaga maji yake. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Yaani Tanganyika ni kisima, Victoria ni sinia. Tena katika kila sehemu 10 za maji yanayoingia Ziwa Victoria, karibu 8 ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote kwa pamoja, na Kagera ndio mkubwa kuliko yote, inaleta zile 2 zilizobaki. Na maji karibu kiasi hicho hicho cha mvua hupaa hewani kwa jua kila mwaka. Basi mkulima atajionea mwenyewe: mvua ikipungua sana kwa miaka mingi mfululizo, sinia hilo linakauka.

Ndivyo ilivyotokea. Wataalamu walishusha mabomba marefu hadi chini ya ziwa, wakayasukuma ndani ya tope, wakatoa udongo kama mtu anavyopima shimo la choo. Juu walipata tope laini la ziwa. Chini yake wakakuta udongo mgumu uliowahi kukauka, wenye alama za mizizi ya nyasi. Nyasi zilikuwa zimeota mahali ambapo leo mitumbwi inapita! Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1996 na Thomas Johnson na wenzake. Ziwa lilianza kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Kabla ya hapo, hasa kati ya miaka 17,000 na 16,000 iliyopita, Afrika Mashariki ilipatwa na ukame mkali mno. Misitu ilipungua, nyasi zikatawala. Watu wa siku hizo waliwinda na kuokota matunda. Mgomba ulikuwa bado haujafika kutoka Asia.

Sasa, ukame huo ulisababishwa na nini? Hebu fanya jaribio jikoni. Chukua yai bichi, litie katika bakuli la maji matupu. Litazama. Ongeza chumvi nyingi, ukoroge. Yai litaelea. Maana yake ni kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Na maji ya baridi nayo ni mazito kuliko ya moto. Shika mambo hayo mawili.

Katika Bahari ya Atlantiki, ile iliyo magharibi ya Afrika, maji ya moto na yenye chumvi nyingi hutiririka juu juu kuelekea kaskazini. Yakifika karibu na Greenland na Norway, upepo wa baridi huyapoza. Sasa yana chumvi na yana baridi, kwa hiyo yanakuwa mazito, yanazama hadi vilindini. Huko chini yanarudi kusini polepole mpaka yanakaribia Antaktika, halafu hupanda tena juu. Safari nzima ya maji hayo inaweza kuchukua miaka 1,000 hivi. Mkondo huu ni kama mkokoteni unaobeba joto la dunia na kuligawa huku na huku.

Miaka ile ya kale, sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini ya Ulaya ilifunikwa na barafu nene. Ikafika wakati barafu hiyo ikamegeka, mapande makubwa kama vilima yakaingia baharini na kuyeyuka. Barafu ni maji matamu. Maji hayo mepesi yakatanda juu ya bahari kama kifuniko juu ya chungu. Yale ya chumvi hayakuweza tena kuzama vizuri, na mkondo wa vilindini ukadhoofika. Mtaalamu Mjerumani, Hartmut Heinrich, ndiye aliyeeleza mwaka 1988 jinsi mawe yaliyobebwa na barafu hiyo yalivyotapakaa chini ya Atlantiki, mbali na nchi kavu yalikotoka.

Mkokoteni ulipokwama, kaskazini kulipoa sana. Pepo zikabadilika, na ukanda wa mvua unaozunguka dunia ukavurugika. Bahari ya Hindi, inayotuletea mvuke, nayo ikapoa. Bahari ikiwa ya baridi haitoi mvuke wa kutosha, na pasipo mvuke hakuna mawingu ya kunyesha. Basi barafu ikayeyuka Atlantiki, na Ziwa Victoria likakauka. Baadaye mkondo ulipopata nguvu tena, mvua zikarudi na ziwa likajaa. Kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita baridi ilirudi kaskazini, na sehemu kubwa ya nchi zetu ikapata ukame tena, ingawa safari hii ziwa halikukauka.

Je, leo tuogope? Tangu mwaka 2004 kuna vyombo vinavyopima mkondo huo kati ya Florida, Marekani, na pwani ya Afrika Kaskazini. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema kwamba mkondo huo una uwezekano mkubwa sana wa kupungua nguvu katika karne hii, kwa kuwa dunia inapata joto. Hawatazamii usimame ghafla kabla ya mwaka 2100, ingawa hawakulifuta jambo hilo kabisa.

Lakini tusichanganye mambo. Msimu mmoja ukiharibika Kaisho au Nyaishozi, usiulaumu mkondo wa vilindini. Huo unafanya kazi kwa mamia na maelfu ya miaka. Misimu yetu ya vuli hutikiswa zaidi na joto la maji ya juu ya Bahari ya Hindi. Wazee wanazikumbuka mvua za mwaka 1961: bahari upande wetu ilipata joto, mvua zikamwagika, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2.

Somo letu ni moja. Mvua ya Karagwe na Kyerwa haina hati ya kumiliki hapa. Inatoka mbali, na inaweza kupungua au kuzidi. Kilicho mikononi mwetu ni kuyashika maji yanapofika. Kwa hiyo:

1. Tandaza nyasi au majani makavu kibanjani. Mizizi mingi ya mgomba iko juu juu, na jua huiwahi upesi. Acha nafasi ya futi 2 kutoka shinani, ili mdudu anayetoboa migomba asipate maficho.

2. Penye mteremko chimba makinga maji yanayokata mteremko, ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbilia Kagera na udongo wako.

3. Tia samadi na mboji. Udongo wenye mboji hushika maji muda mrefu.

4. Usitegemee ndizi peke yake. Panda pia mihogo na viazi vitamu, vinavyovumilia ukame.

5. Usichome nyasi wala usikate miti ya vyanzo vya maji.

Kazi hizi hazingoji mtaalamu wa bahari. Vuli huanza Septemba. Matandazo na makinga maji yawe tayari Agosti.