Mbwa wa mawindo katika jamaa: tumchague yupi?

Watu wengi wanaotaka mbwa hutazama kwanza rangi ya manyoya yake, urefu wa masikio yake, na bei yake. Wakipendezwa, humchukua na kumleta nyumbani. Na baada ya miezi michache maneno huanza. Mbwa amefukua bustani ya mama, ameua kuku wa jirani, amemwangusha mtoto mdogo. Mwishowe baba hununua mnyororo, na mbwa hushinda amefungwa chini ya mwembe. Hapo ndipo hatari yenyewe inapozaliwa. Mbwa wa mawindo asiyekimbia, asiyefundishwa wala kusemeshwa na mtu, aweza kugeuka mkali. Na anayeumwa mara nyingi ni mtoto.

Je, kosa ni la mbwa? Hapana. Wahenga walisema: maji hufuata mkondo. Mbwa wa mawindo ni mnyama aliyechaguliwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kazi fulani. Kazi ile haibaki porini; huingia pamoja naye nyumbani, hulala naye, huamka naye. Basi shauri letu kwa wazazi ni hili: kabla ya kuuliza, "Ni mzuri?" tuulize, "Mababu zake walifanya kazi gani?"

Kazi tatu za mbwa wa bunduki

Wawindaji wa Ulaya wanaopiga ndege kwa bunduki wamegawanya kazi ya mbwa katika sehemu tatu.

Kazi ya kwanza ni kutafuta na kuonyesha. Mbwa aitwaye Pointer hukimbia mbali mbele ya mwindaji, akinusa upepo. Akipata harufu ya kwale, husimama kimya kama sanamu, pua yake ikielekea mahali ndege alipojificha. Ndugu yake, Setter, hufanya vivyo hivyo. Hawa kwa kawaida ni wapole kwa watu. Lakini miguu yao iliumbwa kwa mashamba mapana. Katika kiwanja kidogo cha mjini, ukuta kwao ni gereza.

Kazi ya pili ni kuwaondoa ndege majanini. Hii ni kazi ya Spaniel. Yeye haendi mbali. Hupita vichakani karibu na bwana wake, ili ndege warukapo wawe bado karibu na bunduki. Kwa hiyo hupenda kukaa karibu na watu, na Cocker Spaniel, mwenye uzito wa kilo 13 hadi 14 na nusu, hatoshelezi tu nyumba ndogo, bali hata mtoto mwenye umri wa miaka kumi aweza kumwongoza. Lakini hana utulivu asipopewa kazi, na masikio yake marefu yenye manyoya yapasa kutazamwa na kusafishwa mara kwa mara, maana hupata vidonda upesi. Katika nchi yetu yenye kupe wengi, kazi hiyo haiwezi kuahirishwa.

Kazi ya tatu ni kuleta. Ndege akiisha kuanguka, mbwa humfuata, hata majini, na kumrudisha mkononi mwa mwindaji pasipo kumtafuna. Hodari wa kazi hii ni Labrador. Mababu zake waliishi na wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, katika Kanada, wakiwasaidia kukokota nyavu na kukamata samaki walioponyoka. Waingereza wakawachukua, wakawalea kwa ajili ya bunduki, na mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza kiliwaandika kama aina yao wenyewe.

Tuitazame kazi hiyo vema. Mbwa wa kuleta hujifunza kungoja amri, kushika kitu kwa mdomo laini, na kutoa kwa hiari alichokishika. Je, si tabia hizo hasa tunazozitaka kwa mbwa anayekaa na watoto? Kwa sababu hiyo, miongoni mwa mbwa wa bunduki, Labrador ndiye tungemtaja wa kwanza kwa jamaa yenye watoto. Hata hivyo ana mizigo yake. Uzito wake waweza kufika kilo 36, naye akiwa kijana huruka bila kupima nguvu zake. Hupenda chakula kupita kiasi: mwaka 2016 wataalamu wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu katika urithi wake, ihusianayo na tamaa ya chakula na unene. Tena yapo magonjwa ya viungo vya nyonga, ambayo mzazi humrithisha mtoto.

Mbwa wetu wa Kongo

Sisi watu wa Kongo tunaye mbwa wetu wa mawindo, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Basenji. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "washenzi", neno la dharau. Lakini mbwa mwenyewe hastahili dharau. Ni mdogo, wa kilo 10 au 11, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama wenzake, ingawa si bubu: hutoa sauti inayofanana na wimbo. Ndiyo maana wawindaji wa msitu wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo anapowafukuza wanyama kuelekea nyavuni.

Mbwa hawa walionyeshwa Uingereza mwaka 1895, lakini hawakuishi, kwa kuwa ugonjwa uliwaua. Wengine walionyeshwa tena mwaka 1937, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikaikubali aina hii. Wageni walimpenda kwa ukimya wake na kwa usafi wake, kwa maana hujilamba kama paka. Kisha wengi wakashangaa: mbona hasikii amri?

Wangeuliza habari za kazi yake, wasingeshangaa. Labrador hungoja neno la bwana wake. Basenji hutangulia ndani ya msitu ambamo bwana wake haonekani, naye hujiamulia njia mwenyewe. Huo si ukaidi. Ndiyo akili aliyotakiwa kuwa nayo. Basi huyu anafaa jamaa yenye watoto waliokwisha kupata fahamu, ua usio na matundu, na mwalimu mvumilivu. Mwenye kufuga kuku wengi na afikiri mara mbili. Na anayenunua Basenji wa ukoo ulioandikwa aulize juu ya ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao una kipimo cha urithi.

Kabla ya kufungua mlango

Mbwa huishi miaka 10 hadi 14. Mtoto anayeingia darasa la kwanza huenda akamaliza shule mbwa yuleyule akali nyumbani. Kwa hiyo baba na mama wakae pamoja na kujiuliza: Nani atamtembeza kila siku, asubuhi na jioni, kabla ya jua kali? Chakula chake kitatoka wapi, tusije tukapunguza sahani ya watoto? Tumewaona wazazi wake, nao ni wapole?

Lipo swali jingine lisiloruhusu kuchelewa: amechanjwa? Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku ileile. Dalili za ugonjwa huu zikiisha kuonekana, karibu hakuna anayepona.

Watoto nao wafunzwe: mbwa anayekula asiguswe, anayelala asishtuliwe, na mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata aliye mpole kupita wote. Mbwa aliyechaguliwa kwa akili huwafundisha watoto kutunza kiumbe kinachowategemea, hata siku ambazo hawapendi kuamka mapema. Na jamaa isiyo na nafasi ya kufanya hayo isione haya kungoja.