Tarishi Asiyechoka: Nani Apangaye Saa za Barua Pepe?

Watu wengi watumiao kompyuta hudhani kwamba barua pepe humfuata mtu mezani pake zenyewe, kama mvua inyeshavyo bila kuombwa. Sivyo. Barua iliyotumwa kutoka Mwanza au kutoka Oslo hukomea kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni au ya chuo ambayo kazi yake ni kupokea na kutunza barua za wateja wake. Hapo hukaa, kama ikaavyo barua ya karatasi katika sanduku la posta mpaka mwenye ufunguo aende kulifungua. Ile programu iliyomo katika kompyuta ya mezani ndiyo imtumayo tarishi kwenda kuchungulia sanduku, naye hurudi ama na mzigo ama mikono mitupu.

Tarishi huyu hatumwi ovyo. Anayo ratiba, na aghalabu ratiba hiyo haikuandikwa na mwenye sanduku bali na mafundi walioitunga programu. Katika Thunderbird, programu itolewayo bure ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, muda uliowekwa tangu mwanzo ni dakika 10. Katika Outlook ya kampuni ya Microsoft, ratiba ya kawaida ya kutuma na kupokea ni dakika 30. Mtumiaji akiiacha ratiba kama alivyoikuta, basi siku yake ya kazi, kwa kiasi kisicho kidogo, imekwisha kupangwa na mtu asiyemjua.

Yafaa ikumbukwe kwamba asili ya ratiba hizi ilikuwa gharama ya waya, wala si utulivu wa mfanyakazi. Utaratibu wa kuchukua barua kutoka kwenye seva uitwao POP ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, wakati kompyuta nyingi za mezani hazikuweza kuwa mtandaoni mchana kutwa. Ilibidi simu ipigwe, barua zichukuliwe, simu ikatwe. Na kila dakika ililipiwa.

Katika Afrika hali hiyo ilikuwa nzito zaidi. Shirika la SatelLife la Marekani, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilipeleka barua za madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa njia ya setilaiti ndogo. Mojawapo ya setilaiti hizo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 800 hivi, na kituo kimoja cha ardhini kiliweza kuipata mara chache tu kwa siku, kila mara kwa dakika zisizotimia 20. Katika dakika hizo barua za kwenda zilipandishwa na za kuja zikateremshwa. Daktari hakuwa na hiari: saa ya barua ilikuwa saa ya setilaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kutumika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, waya ulianza kukoma kuwa sababu ya kumkalisha tarishi. Hata hivyo ratiba ilibaki ndani ya programu, na sababu yake ya kwanza ikasahauliwa.

Safari moja ya tarishi ina hatua nyingi kuliko zinavyoonekana. Programu huuliza kwanza seva iko wapi, ikapewa anwani yake ya tarakimu, hubisha hodi, pande mbili hupatana namna ya kuyafumba mazungumzo yao wasiyasikie wengine, kisha programu hutaja jina na neno la siri, huuliza barua ni ngapi, huchukua zilizopo, na kuaga. Haya yote aghalabu huisha katika sekunde chache. Katika POP3, ambayo maelezo yake yatumikayo hadi leo yalichapishwa mwaka 1996, seva hulifunga sanduku kwa muda wote tarishi awapo ndani, asiingie mwingine. Hapa ndipo panapozuka matata katika ofisi ndogo zenye sanduku moja na kompyuta mbili au tatu. Kila moja imeamriwa kuchungulia kila dakika. Zinagongana mlangoni, na moja hujibiwa kwamba sanduku linatumika. Karani aonaye onyo hilo hudhani mtandao ni mbovu au neno la siri limekosewa, akaanza kulibadili pasipo haja. Dawa ni kurefusha muda tu. Seva nazo zilipewa njia ya kujikinga: nyongeza iliyochapishwa mwaka 1998 inairuhusu seva kutangaza idadi ya sekunde ambazo mteja sharti azingoje kabla ya kurudi tena.

Upo utaratibu mwingine, IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ambao huziacha barua kwenye seva ili mtu azisome kutoka kompyuta yoyote. Mwaka 1997 IMAP iliongezewa amri iitwayo IDLE, nayo ilibadili kabisa kazi ya tarishi. Badala ya kwenda na kurudi, sasa huketi kizingitini mwa posta akingoja, na barua ikitua seva humwambia papo hapo. Kwa kuwa seva yaweza kumfukuza mteja aliyenyamaza kwa dakika 30, mwongozo humshauri mteja aifanye upya amri yake kabla ya dakika 29 kupita.

Tofauti hii ndiyo iwakoseshayo njia watu wengi watakao utulivu. Mtu huingia katika mipangilio ya Thunderbird, akaondoa alama kwenye mstari wa kuchungulia kila dakika 10, akaamini kwamba amemstaafisha tarishi. Bado barua zaweza kuendelea kuingia, kwa maana mstari mwingine, ule uruhusuo seva kutoa taarifa papo hapo, una alama yake yenyewe. Hapana budi kuziondoa alama zote mbili, na kwa kila akaunti peke yake. Mwenye akaunti tatu ana kazi mara tatu. Katika Outlook iliyounganishwa na seva ya Exchange, ambazo ni nyingi katika mashirika makubwa, kubadili ratiba hakusaidii sana, kwani seva yenyewe ndiyo itoayo habari. Ama kuhusu kengele na kijidirisha kichomozacho pembeni mwa kioo, hayo ni mambo mengine tena: mtu aweza kuvizima na kuacha barua ziingie kimya kimya.

Je, kuna hasara gani ya kumwacha tarishi aende kila dakika? Siku ya kazi ya saa 8 ina dakika 480, maana yake safari 480. Tuseme kila safari isiyo na barua inakula kilobaiti 6. Jumla ni kilobaiti 2,880, hazifiki megabaiti 3. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuzidi hapo. Basi anayetafuta hasara asiitafute katika kifurushi cha intaneti.

Hasara iko kichwani mwa mfanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Jackson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwachunguza wafanyakazi wa kampuni moja ambao programu yao ilichungulia barua kila dakika 5. Waligundua kwamba asilimia 70 ya barua zilishughulikiwa ndani ya sekunde 6 tangu kuingia, na kwamba mtu aliyekatizwa alihitaji wastani wa sekunde 64 kuirudia kazi yake kwa kasi ile ile aliyokuwa nayo. Sasa na tupige hesabu. Kwa ratiba ya dakika 10, ikiwa kila safari italeta barua, makatizo ni 48 kwa siku. Mara sekunde 64 ni dakika 51, na hapo muda wa kuzisoma barua zenyewe haujahesabiwa. Kwa ratiba ya dakika 45, ambayo ndiyo waliyoipendekeza wachunguzi hao, makatizo ni 10 na hasara ni dakika 11 hivi.

Kampuni moja si ulimwengu, na tarakimu hizi zichukuliwe kama kipimo cha mkono, si cha mizani. Lakini uchunguzi wa Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2015, unaelekea huko huko: watu 124, walipotakiwa kufungua barua mara 3 tu kwa siku kwa muda wa wiki moja, walikuwa na msongo mdogo kuliko katika wiki waliyofungua watakavyo.

Wapo watakaosema kwamba kazi yao haingojei. Karani wa forodha anayesubiri hati za shehena ana haki ya kumkalisha tarishi kizingitini. Mfano wa hospitali ni tofauti, ingawa ndio utolewao mara nyingi. Jibu la maabara lisiloweza kungoja dakika 45 halifai kupelekwa kwa barua pepe hata kidogo, kwa kuwa barua pepe haina saa ya kufika iliyodhaminiwa. Seva itumayo, ikiikuta ile ipokeayo imezimika, huendelea kujaribu tena na tena, na mwongozo huipa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa jambo la uhai, simu ipigwe.

Kasoro moja ya Thunderbird ni kwamba ratiba yake hujua kuhesabu dakika tu, haijui saa. Hakuna mahali pa kuiagiza ilete barua saa nne asubuhi na saa tisa alasiri basi. Atakaye hivyo huondoa alama zilizotajwa na kubonyeza mwenyewe kitufe cha kupokea barua ufikapo wakati, au huiamuru programu ifanye kazi nje ya mtandao. Na kabla ya kufunga mipangilio, atazame mstari wa kwanza kabisa, ule wa kuchungulia barua mara programu inapofunguliwa. Alama ikiachwa hapo, mtu afunguaye asubuhi ili aandike barua moja ya haraka atakuta nyingine arobaini zimemtangulia.