Sauti ya Juu Kutoka Barabara ya Shaba

Mbogi ya Kambove, skizeni. Ukitoka Likasi ukipita hapo kwenu, usonge hadi Fungurume, barabara inakupeleka Kolwezi. Huko ndiko Serge Kakudji alizaliwa, 1989. Huyu msee huimba opera ya baroki, na sauti yake ni ya juu kama ya madem wa kwaya. Sauti kama hiyo inaitwa kontratena.

Historia yake ni nzito. Miaka ya 1700, mastaa wengi wakubwa wa opera Ulaya walikuwa wanaume waliohasiwa wakiwa watoto ndio sauti isivunjike. Senesino alikuwa mmoja wao. 1724, London, yeye ndiye alisimama kama Kaisari ndani ya Giulio Cesare, opera ya mtunzi Handel. Siku hizi hakuna mtoto anafanyiwa huo unyama. Kontratena anachukua ile sauti nyembamba ambayo kila chali anayo, anaipiga tizi miaka mingi, mpaka inajaza ukumbi bila maiki.

Najua kuna mayuthi wanaona baroki ni ngoma ya wazee wa Ulaya, haiwahusu. Zii. Cheki vile aria nyingi za Handel zimejengwa: kuna sehemu ya kwanza, inafuata ya pili yenye mudi tofauti, halafu unarudishwa kwa ya kwanza. Ukirudi, uwanja ni wako. Unapanda, unashuka, unaongeza kona zako mwenyewe, na mtunzi alikuwa anakutegemea ufanye hivyo. Msee wa klavesini, kile kinanda cha enzi hizo, naye anapewa laini ya besi na namba kadhaa juu yake, chords anajazia mwenyewe. Hao wasee walikuwa wanafristailo kila usiku! Na ovetura, ile ngoma ya kufungua shoo, kwa stailo ya Kifaransa inaanza pole, na maringo, halafu inawashwa moto. Mtu aliyelelewa na rumba, akijua kungoja sebene, hapotei hapo hata kidogo.

Ndio maana nasimama na Coup Fatal, shoo iliyotoka 2014 ikapigwa Vienna, halafu Avignon. Kakudji mbele, mabro wa Kinshasa wamemzunguka, Rodriguez Vangama akiongoza bendi, Fabrizio Cassol kwa upande wa mziki, Alain Platel akipanga steji. Wakazichukua aria za Handel, Vivaldi, Monteverdi na Gluck wakazipitisha kwa likembe, balafoni na gitaa za stima. Msanii Freddy Tsimba akawatundikia pazia la maganda ya risasi, kwa sababu vita ya Kongo si ya kufichwa hata mkicheza. Halafu luku! Wakatokea wamepiga pamba za kisapeur, suti za rangi zote, mwendo wa kujidai. Enzi za baroki pia mastaa walikuwa wanapanda steji na manyoya kichwani na nguo nzito za kung'aa. Wangeelewana fiti.

Kuna wale wanashikilia kwamba baroki ichezwe na vyombo vya enzi zake: nyuzi za utumbo wa mnyama, na toni ikiwa imeshushwa kidogo, hezi 415 badala ya 440 ya sasa. Nawaheshimu kabisa. Hizo nyuzi zina joto, na haziifuniki sauti ya mtu. Lakini klavesini inafanya nini? Kaunyoya kanadonoa waya. Na likembe je? Gumba linadonoa chuma. Hapo mi sioni ukuta.

Kwa hivyo kama uko kwaya hapo Kambove na hiyo sauti yako ya juu haijawahi kupewa kazi, anza na Lascia ch'io pianga, aria ya Handel kutoka opera yake Rinaldo ya 1711. Inaenda pole, maneno ni machache, na ina vituo vya kimya ambavyo vitakufunza kupumua. Mwambie beshte wa gitaa ashike besi tu, asikukimbize. Mkirudi kwa sehemu ya kwanza, usiiimbe vile uliiimba mwanzo.