Je, Wajua? Maji ya Injini Yanaweza Kumpasha Rubani Joto

Kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu mkoani Geita utaikuta injini ya dizeli ya Kichina, ya silinda moja, ikizungusha mkanda kutwa nzima. Juu yake pana tangi la maji lililo wazi. Maji yanatokota, mvuke unafuka, na kijana anayeiangalia injini anaongeza ndoo kila yanapopungua. Mvuke ule ni dizeli iliyolipiwa, inayopotea hewani. Pale chini hakuna anayeililia, maana jua linatosha. Ila ukiwa angani kwenye ndege ndogo, joto la namna hiyohiyo utalitafuta.

Shinyanga iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wengi tunaijua kwa ukame na jua lake. Lakini hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Rubani akiondoka huko, kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 16, akielekea Arusha, ana nyanda za juu za Ngorongoro za kuvuka, ambako ukingo wa kreta peke yake unafika mita 2,300 hivi. Akipanda hadi mita 3,000, kwa hesabu hiyo nje ni kama nyuzi 4. Kabini ya ndege ndogo ni bati jembamba na kioo, na upepo hupenya kila upenyo wa mlango. Vidole vikifa ganzi, hata kubadili masafa ya redio ni kazi.

Ndege nyingi ndogo, Cessna 172 ikiwemo, hupata joto lake kwenye ekzosi. Mafla huvishwa koti la bati, hewa ya nje hupita katikati, ikishapata moto huingizwa ndani. Ni njia nyepesi na rahisi, lakini mafla ikipasuka, rubani anavuta moshi wa injini. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo hiyohiyo inayofanya iwe hatari kushusha pampu ya petroli ndani ya duara (shimo) la dhahabu, na inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Januari 2019 ndege ndogo ya Piper Malibu ilianguka baharini ikitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff, ikiwa imembeba mwanasoka Emiliano Sala. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini katika damu yake imeshikwa na gesi hiyo.

Njia ya pili ni maji. Si kila injini ya ndege inayo, kwani nyingi za Lycoming na Continental hupozwa kwa hewa tu. Rotax 912 ya Austria, ambayo watu wengi wanaojiundia ndege huichagua, hupoza vichwa vya silinda kwa maji. Injini za Rotax ndizo zinazofungwa pia kwenye Skyleader, ndege za viti viwili zinazounganishwa Morogoro na kampuni ya Airplanes Africa Limited. Ile ya nguvu farasi 100, ikivuta kwa nguvu zote, humwaga kwenye rejeta joto la zaidi ya kilowati 20, sawa na pasi 20 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Kabini ya watu wawili haihitaji hata robo yake.

Kufunga kabinini hita inayotumia maji hayo kunataka fundi makini. Maji ya moto hutoka kwenye vichwa vinne, hukutana kwenye chupa iliyo juu ya injini, huenda kwenye rejeta, kisha hurudi kwenye pampu. Tawi la hita huchukuliwa baada ya chupa na kurudishwa upande ambao pampu inavuta. Koki ikae kwenye tawi tu. Ukiiweka mahali ambapo kuifunga kunazuia njia ya rejeta, utaiunguza injini ukiwa angani. Mipira nayo haipitishwi hivihivi kwenye ukuta unaomtenga rubani na injini. Hapo huwekwa maungio ya chuma, ili moto ukitokea tundu lisifunguke. Halafu kuna hewa: ikikwama ndani ya hita, hita inabaki baridi. Fundi hujaza maji ya kupozea (kulanti) polepole, hulegeza skrubu ya kutolea hewa, huacha mapovu yatoke mpaka maji yaje bila kukatika, ndipo anakaza.

Hita hii ina uzito, na ikivuja inaunguza na kutia ukungu kwenye kioo. Hata hivyo kulanti inayovuja utaiona, na harufu yake tamu utaisikia. Kaboni monoksidi haipigi hodi. Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi.

Na mchana wa joto hita haikai bure. Dereva wa barabara ya Kahama kwenda Geita anajua: mshale wa joto ukipanda, unafungua hita yote pamoja na madirisha, nayo inakuwa rejeta ya pili. Kwenye ndege inayopanda kutoka Ibadakuli saa nane mchana, koki hiyohiyo inasaidia vilevile.

Kama ndege yako bado inapashwa kwa ekzosi, mafla ikaguliwe kila mwaka, na kifaa cha kugundua kaboni monoksidi kinunuliwe kabla ya safari ijayo.