Onyo Lisiloeleweka Si Onyo

Mzee anayemeza statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, huenda akakesha usiku akidhani ni mawazo tu yanayomsumbua. Kumbe kikaratasi kilichomo ndani ya pakiti hutaja ukosefu wa usingizi na ndoto za kutisha miongoni mwa madhara yanayoweza kutokea. Simvastatini, kwa mfano, hupenya ubongoni kwa urahisi kuliko pravastatini. Hata hivyo, si kila akeshaye ameathiriwa na dawa. Basi asiiache kiholela, akahatarisha moyo wake. Amweleze daktari, huenda akabadilishiwa. Lakini atajuaje kueleza, ilhali onyo hilo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kigumu? Walimu wenzangu, tudai liandikwe pia kwa Kiswahili sanifu.