Kyala: Jina la Mahali na Jina la Mungu Kyela
Matambiko ya Wanyakyusa na jirani zao Wangonde yalifungamana na mahali mahususi: Lubaga kwa Lwembe, Mbande (nchini Malawi) kwa Kyungu, na Palikyala, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Kyala. Jina hili la mwisho ndilo lenye utata. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1959, anamweleza Kyala kuwa shujaa wa kale. Wamisionari wa Kijerumani, waliofika mwaka 1891, walilitwaa jina hilo kumtaja Mungu. Kwa maoni yetu, hiyo haikuwa tafsiri ya neno tu. Ilimwondoa Kyala ufukweni ikampandisha mbinguni. Hivyo, mkusanyaji wa sala za Kinyakyusa hana budi kuuliza kwanza sala ilitolewa wapi, kwani jina peke yake halibainishi ni Kyala yupi aliyeombwa.