Asi ya Chairman

December nikishuka ocha Ndithini, huku Masinga, utanipata stage ya boda. Saa nane jua inachoma hadi mbuzi zinajificha chini ya lori. Customer hakuna, so wasee wanageuza kreti ya soda, wanaweka boksi juu, kadi zinatoka. Kadi zenyewe zimechakaa hadi zingine unazijua ukicheki mgongo tu.

Kadi ya mtaa unaijua. Unagawiwa 4, base zingine 3. Mbili inakulisha mbili, tatu inakulisha tatu, joker inakulisha tano. J inaruka msee, K inarudisha gemu nyuma. Q na 8 ni maswali, lazima ujibu. Asi inazuia kulishwa. Kabla umalize unatangaza "niko kadi", na ukinyamaza imekula kwako. Hapo Kayole, kule Nai, na Ndithini tunaskizana. Ngori inaanza kwa zile vitu kila base imejipangia: asi inazuia joker, ama ni mbili na tatu pekee? Unaweza maliza na J? Mbili inaweza kalia tatu?

Pale stage, jibu hutoka kwa msee tunamwita Chairman. Ndio mkubwa wetu, na kadi ni zake.

Siku yangu ya pili alinirushia joker. Nikatoa asi, roho safi. Akaniangalia akasema, "Hapa asi haizuiangi joker. Okota tano." Kwa mkono alikuwa amebakisha kadi mbili. Nikaokota. Akamaliza. Nililala na hiyo kitu ikinikwaruza, na sio ju ya kushindwa. Hiyo sheria ilizaliwa dakika ile ile aliihitaji.

Kesho yake kuna katoi ka kidato cha kwanza kalikuja kucheza mara ya kwanza. Chairman alikuwa amekaa kwa nduthi, hachezi, anangoja mathe flani anunue unga ampeleke home. Katoi kakalishwa joker, kakabaki kameduwaa na kadi zimejaa mkono. Chairman akasema kutoka kule, "Huyo ni mgeni. Leo aokote mbili." Sheria imepindwa tena, mchana, mbele ya wote. Hakuna mtu alifungua mdomo. Mimi mwenyewe niliskia poa, na nikajiuliza mbona yangu ya jana iliniuma.

Jibu liko Nai, kwa mbogi huwa tunacheza nayo Dungeons & Dragons kwa keja ya beshte. Hiyo gemu Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa Marekani 1974: kila msee anakuwa mtu wa stori, dete ya pande 20 inaamua kama upanga wako umegonga, na gemu masta anaendesha dunia yote. Masta hurusha dete zake nyuma ya kadibodi, na kuna siku dete inasema umekufa, yeye anasema umeponea. Wasee hubishana sana kama huo ni wizi. Kwangu si wizi, ju masta hana mkono wa kushinda. Zimu likikumaliza, yeye haendi home na kitu.

Na hiyo gemu yenyewe ilitoka kwa sheria kubuniwa juu kwa juu. 1969, kule Minnesota, David Wesely alipanga gemu ya vita: majeshi mawili, na katikati mji unaitwa Braunstein. Akapea kila mchezaji mtu wake pale mjini. Kabla vita ianze wasee wakaanza kufanya zao, hadi wawili wakataka kupigana wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya hiyo haikuwa, akabuni papo hapo. Aliondoka akidhani gemu imeharibika. Wachezaji wakamsumbua airudie. Arneson alikuwa kwa hiyo mbogi.

Lakini masta wangu wa kwanza alikuwa susu, nyanya yangu, hapa hapa Ndithini, akitupigia hadithi kando ya moto. Eimu la susu, yaani zimu la hadithi zake, lilikuwa linameza watu kulingana na nani amekaa hapo. Kasista kangu kakianza kulia, eimu linajikwaa kwa mzizi. Sisi wakubwa tukileta ujuaji, linatumaliza wote na ng'ombe zetu. John Mbiti, mtu wa Kitui, aliandika hadithi za Wakamba kwa kitabu, Akamba Stories, 1966, na nashukuru alifanya hiyo kazi. Ila kitabu hakioni nani analia.

So nikaambia stage: tusiandike sheria mpya, tubadilishe refa. Mwenye atabaki wa mwisho anapisha, anakaa kando, na kukiwa na ubishi yeye ndio anaamua. Walicheka, lakini wakakubali, hata Chairman.

Raundi ya kwanza Chairman alibaki wa mwisho. Akapeana nafasi yake, akakaa juu ya nduthi, akawasha redio kiasi. Raundi ya pili, kijana wa duka akarusha joker, jirani yake akatoa asi. Wote wakageuka kumcheki Chairman.

Akanyamaza kitambo. Akazima redio.

"Asi inazuia," akasema. "Endeleeni."

Mwenye alikuwa ametoa hiyo asi ni ndugu yangu. Mimi ndio nilikuwa nafuata, na mkononi nilikuwa na joker ya pili.